Mimi si Afande
Mwaka wa tatu huu niko Kampala, na bado nikifungua mdomo soko la Owino naulizwa natoka kambi gani. Jamani! Nimesema tu, "Shikamoo mama, nyanya fungu bei gani?" Mama wa watu akarudi nyuma kidogo, akaukumbatia mkoba wake, ndipo akajibu: "Afande, elfu mbili." Afande wapi, mimi fundi cherehani kutoka Tanga!

Kisa chake nakijua. Enzi za Amin watu walifokewa kwa Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, na hofu ile wazee wameirithisha. Lakini tangu 2005 katiba yao inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Sasa mbona bado nasikika kama nimekuja kukamata mtu?

Basi nimejitia Kiganda cha kubahatisha: ssebo (bwana), nnyabo (mama), webale (asante). Hapo ndipo wanapoangua kicheko. Na salamu zenyewe (hata sisi wa Tanga, mabingwa wa salamu, tunasalimu amri) hazina mwisho: umeshindaje, wa nyumbani je, kisha mnabaki mnaguniana "mmm", "mmm", mpaka wa bodaboda anachoka kunisubiri.

Na nyanya jana zilikuwa elfu tatu.