Panya hakatwi, anapigwa picha: nafuu ya nani?

Huku Kigoma ukitaja utafiti wa wanyama watu wanawaza Gombe, ile hifadhi ambako mtafiti Jane Goodall alifika 1960 akakaa na daftari anaangalia sokwe (ndizi aliwapa baadaye, haya). Juzi hapa mtaani Mwanga ukazuka ubishi kuhusu maabara wanaopima ngozi ya panya iliyowaka (iliyovimba na kuwa nyekundu) kwa kamera bila kukata, mmoja anasema hiyo ndo Gombe ya maabara, unaangalia tu, mwenzie akamjibu acha utani, huyo panya si kashapakwa dawa ya kumuwasha kwanza? Kwa hilo la pili sina cha kubisha.

Ila tusidharau. Njia ya Draize ya 1944, ya kupima kama kitu kinawasha ngozi, sungura ananyolewa, anapakwa kitu, mtu anakodoa macho anatoa maksi, wekundu 0 mpaka 4, kuvimba 0 mpaka 4, yaani we ukiona 2 mwenzako anaona 3. Na ukitaka kujua ndani kukoje siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, unaua kundi zima kila siku hiyo ukate ngozi uweke kwenye hadubini. Kwa kamera panya ni yule yule mwanzo mwisho, anadungwa luminoli, kemikali ambayo ikikutana na kemikali za chembe nyeupe za damu inatoa mwanga hafifu sana, kamera ndani ya boksi la giza inaunasa. Wanyama wanaokufa wanapungua kweli.

Shida ipo kwenye kusoma hiyo picha. Luminoli inafuata zaidi zile chembe zinazowahi mwanzoni, zikishaondoka mwanga unafifia wakati ngozi bado inaumwa, asiyejua anaandika panya kapona! Halafu kila picha anapigwa nusukaputi upya, na wembe wa kunyolea nao unachubua ngozi, ndo unapima nini hapo?

Kinachonikera zaidi ni rangi. Melanini, ile inayoipa ngozi na manyoya weusi, inameza mwanga, kwa hiyo wengi wanachukua panya weupe au wasio na manyoya, picha inatoka safi. Sawa, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu hata daktari mwenyewe wekundu anautafuta kwa tabu. Mi nipo upande wa kamera, ila vipande vichache vya hadubini vibaki mwishoni na panya weusi waingizwe humo hata kama picha zitakuwa mbovu, maana mafuta ya ngozi yakishapitishwa yanauzwa mpaka Ujiji.