Daraja la Tatu kwa Hiari

Leo asubuhi mlango wa kivuko umeshuka nusu, ukakwama. Tukaanza kurukia ndani kama mbuzi wa Iddi waliouona mchinjaji. Kiatu changu cha kushoto kikaonja maji ya chumvi. Sikutukana. Mtu wa rika langu hatukani mbele ya wanafunzi.

Nimeegemea gunia la vitunguu, kijana akaninyooshea simu.

"Mzee, Titanic inajengwa upya!"

"Si ndiyo ile iliyozama 1912 na watu kama 1,500?"

"Ndiyo hiyohiyo. Ndo maana."

Ndo maana nini? Basi kuna tajiri Australia, Clive Palmer, kaitangaza 2012, kaitangaza tena 2018, na 2024 kaitangaza tena. Nikampenda ghafla. Meli ya kutangazwa haizami. Mwenye nyumba wetu ana choo cha namna hiyo, hukitangaza kila Ramadhani.

"Madaraja yatakuwa matatu kama zamani. La tatu wanakula mchuzi na viazi vya kuponda, meza moja na watu wasiowajua."

"Wanalipwa shilingi ngapi?"

"Wanalipa, mzee."

Nikalishika gunia vizuri. Mtu atoe dola zake akabanane na asiowajua kwenye benchi? Mimi nafanya hivyo kila mchana kwa mama ntilie, na chenji sidai! Kijana akadhani bado sijaelewa, akaniambia ile ya kwanza, daraja la tatu, watu zaidi ya 700 walikuwa na mabafu mawili. Alitaka nishtuke. Uani kwetu wapangaji tisa, bafu moja, mlango kanga. Nikapiga hesabu, nikaona wametuzidi. Kidogo.

"Na mashua za kuokolea? Zilikuwa 20, nafasi 1,178, na watu walipita 2,200. Hilo nalo wataliiga?"

"Aa, hapo watafuata sheria za sasa."

Unaona! Shida wanazichagua kama nyanya sokoni: hii nipe, hii rudisha. Hata lile bomba la nne la ile ya kwanza lilikuwa la kupitisha hewa na kupendezesha, moshi wa tanuri halikuwahi kuutoa. Kwa hiyo wanaigiza maigizo.

Wachina nao walianza yao Sichuan mwaka 2016, ya kuegeshwa mtoni moja kwa moja. Hiyo naielewa. Meli isiyoondoka haichelewi.

Nikamwambia kuiga tuwaachie wasio na chao. Kigoma kuna Liemba, imeundwa Ujerumani 1913. Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 kubeba abiria na dagaa. Ya wenzetu ilizama ikawa hadithi. Yetu ilizama ndiyo kwanza ikaajiriwa!

"Sasa mzee, ungepata tiketi ya bure ungepanda?"

"Daraja la ngapi?"

Kabla hajajibu tumefika, mlango umekwama tena, na mwenye gunia anahesabu vitunguu vyake huku ananitazama mimi. Mimi! Na fundi wa viatu pale juu anataka elfu tatu kwa soli aliyoishona yeye mwenyewe juzi, eti ile haikuwa ya majini.