Maafa hayangoji kikao: tunataka mamlaka yenye watu mikoani

Masika yakikolea hapa Arusha, mvua ya kuogopa mara nyingi si ile inayokulowesha. Inanyesha juu, kwenye miteremko ya Meru, huku chini Muriet na Sinoni kuna mawingu tu, pengine hata jua. Korongo ambalo mwaka mzima ni njia ya mkato, watoto wanachezea mpira humo na bodaboda wanakatiza, linaanza kupitisha maji ya kahawia yanayofika kwenye kifundo cha mguu, yamebeba majani na chupa za plastiki. Anayelijua korongo lile anarudi nyuma. Mgeni anaona maji kidogo na anavuka. Dakika chache baadaye maji yanashuka na mawe.

Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2024, basi dogo la shule lilisombwa kwenye korongo la namna hiyo hapa mjini, na watoto wakafa. Mji mzima ulilia. Viongozi walifika, waokoaji na wananchi waliingia kwenye maji, na haki isemwe, waliokuwepo walijituma. Swali langu ni la saa moja kabla. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kwamba mvua za msimu ule zingekuwa kubwa. Wenyeji wa mtaa walijua tabia ya korongo lao. Nani, kwa kazi anayolipwa mshahara, alipaswa kuyaunganisha hayo mawili na kusema leo hapa hapapiti gari? Nimewauliza wengi, wakiwemo watumishi wa umma ninaowaheshimu sana, na kila mmoja ananitajia mwingine.

Ndiyo maana naandika leo. Naamini kwa dhati kwamba Tanzania Bara inahitaji mamlaka kamili ya maafa na dharura, yenye sheria yake, bajeti yake, na zaidi ya yote, yenye watu wake mikoani ambao kazi yao ni hiyo tu kuanzia Januari mpaka Desemba.

Sheria tunazo, hilo nalikubali. Tulikuwa na ya mwaka 1990, iliyohusu kuratibu misaada ya maafa. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Maafa, na ndani yake kulikuwa na wakala wa taifa wa kazi hii. Mwaka 2022 ikaja Sheria Namba 6, ikafuta ile ya 2015. Leo mwenye dhamana ni Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kutoka hapo zinashuka kamati za maafa: taifa, mkoa, wilaya, kata, mpaka kijiji na mtaa. Ukiusoma muundo huo kwenye karatasi, hauna kasoro kubwa. Nchi imepangwa vizuri mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Shida inaonekana ukishuka kwenye mtaa wenyewe. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa ambapo mama mmoja alisimama akauliza kamati ya maafa ya hapa ni akina nani, maana mvua zinakuja na mtaro umeziba. Mwenyekiti alimtazama mtendaji, mtendaji akafunua daftari lake, akasema majina yapo, atayaleta mkutano ujao. Hakuna aliyekasirika. Ajenda ikaendelea, tukahamia kwenye ulinzi shirikishi. Sina kinyongo na watu wale hata kidogo; mtendaji yule anasimamia usafi, michango ya shule, migogoro ya mipaka na barua za utambulisho, na siku yake ina saa zile zile kama zangu. Huko juu ni hivyo hivyo. Mkuu wa wilaya ana wilaya nzima mgongoni. Mganga mkuu ana hospitali. Mhandisi ana barabara. Kamati inayoundwa na watu wenye kazi nyingine itakutana kukiwa na jambo, na kwenye maafa jambo maana yake watu wameshakufa.

Zanzibar waliamua tofauti. Baada ya Wazanzibari kuzika ndugu zao wa meli zilizozama, MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, leo kule kuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, chombo chenye jina na ofisi. Sisemi kamisheni imemaliza kila tatizo visiwani. Nasema Mzanzibari akiuliza mwenye kazi hii ni nani, ana mlango wa kugonga.

Kwa mikoa yetu hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, hoja ya mlango si ya nadharia. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye uwanja wa Majengo walipokuwa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Watu wazima na watoto, waliokwenda kuomba, wakakanyagana. Mkusanyiko ukiwa mkubwa namna ile, kuna maswali mepesi ya kuulizwa siku mbili kabla: milango ya kutokea ni mingapi na ina upana gani, umati utaelekezwa upande mmoja au pande tatu, gari la wagonjwa litasimama wapi lisije likazibwa. Polisi wanatoa kibali kwa jicho la usalama na wanaifanya kazi hiyo. Jicho la umati ni taaluma nyingine, inasomewa. Na tukumbuke kwamba hapa Arusha, kata ya Olmoti, unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Natamani awepo mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kukataa kusaini mpaka milango iwe sawa, hata kama mgeni rasmi ameshafika.

Halafu kuna barabara zetu. Mei 2017, Rhotia kule Karatu, basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitoka hai. Kati ya waliowafikia mwanzo walikuwa Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakipita njia ile, wakiwemo wahudumu wa afya. Tumshukuru Mungu kwa waliopita. Lakini ile ni barabara ya Ngorongoro, inapita mamia ya magari ya watalii na mabasi yetu kila wiki, na uhai wa mtoto ulitegemea nani anapita muda ule. Februari 2024 ikawa Ngaramtoni, lori lililogonga magari mengine, watu 25 wakafa. Juni 2025 ikawa Same, basi na Coaster, moto, na miili mingine isitambulike kwa macho.

Aliyewahi kufika kwenye ajali anajua tunavyofanya. Majeruhi anashikwa makwapani, mwingine anashika miguu, anakunjwa ili aenee kiti cha nyuma cha Noah, kichwa kinaning'inia, mlango unafungwa kwa nguvu na gari inaondoka na honi. Tunafanya kwa upendo mtupu. Na kama shingo au uti wa mgongo ulikuwa umepata ufa, upendo ule ule unaweza kumpooza. Hakuna aliyetufundisha kumlaza mtu juu ya ubao, kumshikilia kichwa kisicheze, kukandamiza jeraha linalovuja kwa kitambaa na kutokiondoa. Ni mafunzo ya siku chache tu. Madereva wa vifodi, yaani daladala ndogo, bodaboda wa vijiwe vya barabara kuu, waongoza watalii, wauza mahindi ya kuchoma pale kwenye matuta, hao ndio wanaofika wa kwanza, kila mara. Idara moja yenye ofisi Dodoma haiwezi kuwafikia. Ofisi ya mkoa yenye watu wanne na gari moja inaweza.

Wala hatuanzi sifuri. Tunao mfano mzuri hapa hapa nchini, na unanipa moyo sana: m-mama. Mjamzito akizidiwa kijijini, inapigwa 115, namba ya bure. Mtu kwenye kituo cha uratibu anapokea, anaangalia gari la wagonjwa lililo karibu, na kama halipo anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake binafsi, anayelipwa kwa safari. Mfumo ulianza Kanda ya Ziwa ukapelekwa nchi nzima. Madereva wapo, simu ipo, malipo yapo. Sasa jiulize, kwa nini aliyegongwa na lori Usa River au aliyeungua moto Pasua asifikiwe kwa mtandao wa aina hiyo? Leo raia anapaswa kukumbuka 112 kwa polisi, 114 kwa Zimamoto, 115 kwa mjamzito, na akishapiga aeleze nyumba iko wapi kwa kutaja baa, mwembe na duka la Mangi. Mwaka 2022 tulibandikiwa namba za nyumba na majina ya mitaa kwa Operesheni ya Anwani za Makazi. Kibao kipo ukutani kwangu. Mamlaka ninayoitaka ingefanya namba ile iwe kitu cha kwanza anachoulizwa mtu akipiga simu ya dharura, na ingehakikisha simu zote tatu zinapokelewa chumba kimoja.

Wapo wanaosema tuna mamlaka nyingi mno, kila tatizo tunaliundia taasisi, mkurugenzi na magari. Nawaelewa, na ni hofu ya haki, kwa sababu chombo kikizaliwa kikubwa kitakula bajeti yake kwenye posho. Ndiyo maana nasisitiza mikoani. Msumbiji ni nchi yenye uchumi mdogo kuliko wetu. Mwaka 1999 waliunda taasisi yao ya taifa ya maafa, na mafuriko ya mwaka 2000, yaliyoua watu wapatao 700, yakawafunza kwamba ofisi ya Maputo peke yake haitoshi. Wakashuka vijijini: kamati zenye baiskeli, redio, vipaza sauti, na bendera za rangi za kuonyesha kimbunga kimebakiza muda gani kufika. Bado vimbunga vinawapiga, Idai ya mwaka 2019 iliwaumiza vibaya mno. Lakini mwanakijiji anajua bendera nyekundu ikipanda anakwenda wapi.

Sisi tayari tuna ngazi za tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Zinasomwa kwenye taarifa ya habari. Kinachokosekana ni amri inayofuata baada yake. Tahadhari ikitangazwa kwa Arusha na Kilimanjaro, shule gani zinachelewa kufunguliwa? Vivuko gani vinafungwa kwa mnyororo, na ufunguo anakaa nao nani? Wakazi wa Mabogini na Kahe kule Moshi wanahamia jengo gani, na blanketi ziko ghala lipi? Majibu ya maswali haya yanapaswa kuwa yameandikwa na kufanyiwa mazoezi wakati wa kiangazi, watoto wakipewa siku moja ya shule kutembea njia ile ya kukimbilia.

Kikao cha bajeti cha Bunge huanza Aprili, mwezi ule ule makorongo yanapojaa. Wabunge wa Arusha na Kilimanjaro, wa vyama vyote, nawaomba mwende nalo: marekebisho ya Sheria ya mwaka 2022 yaunde mamlaka, na yataje kwa maandishi kwamba kila mkoa utakuwa na ofisi yake, mkuu wake wa kuwajibika, na uwezo wa kufunga njia bila kusubiri kikao. Wakati hilo likisubiri, halmashauri haihitaji sheria mpya kufanya jambo moja kabla ya masika yajayo. Wenyeviti wa mitaa wa Muriet, Sinoni, Lemara na Sokon wakae na wenye mabasi ya shule, waandike kila kivuko ambacho basi linapita asubuhi, na kila kivuko kipewe mtu mmoja wa jirani, mwenye simu yenye salio na mamlaka ya kulirudisha basi.