Ruzuku ya Toronto, sheria ya Mombasa

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba jiji la Toronto humchangia mwenye duka gharama ya kutengeneza sura ya duka lake, hudhani huku pesa zinaokotwa barabarani. Wacha nieleze zinavyopatikana, kisha niseme kwa nini mimi, mtoto wa Mombasa niliyehamia huku, ningependa tuige kipande tu cha mpango huo na kingine tuwaachie wenyewe.

Kwanza hupewi, unarudishiwa. Unaomba, unaonyesha makadirio ya mafundi, unangoja ukubaliwe, unamlipa fundi kwa pesa zako, unapeleka risiti na picha, ndipo hundi ije. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa nusu ya gharama, isiyozidi dola 10,000 za Kanada, au 12,500 kwa jengo la kona, kwa kuwa lina kuta mbili zinazotazama barabara. Madirisha, mlango, taa za nje, kusafisha matofali, hayo yamo. Ya ndani ya duka ni shauri lako. Na mwenye kuhitaji zaidi, yule asiye na akiba ya kutanguliza, ndiye anayeachwa nje, jambo ambalo hutalikuta kwenye picha za kabla na baada.

Tena si kila mtaa unaohusika. Kwa kawaida duka linatakiwa liwe ndani ya eneo lenye jumuiya rasmi ya wafanyabiashara, na hizi jumuiya zina historia ya kupendeza. Ya kwanza ilizaliwa hapa hapa Toronto, Bloor West Village, mwaka 1970. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa imefika mtaani hapo 1968, wateja waliozoea kupita juu wakawa wanapita chini, na waliobaki wakafuata maduka makubwa yenye maegesho. Wenye maduka wakajaribu michango ya hiari, na kama kawaida wachache wakatoa, wote wakafaidi. Ndipo wakaomba sheria: kila jengo la biashara mtaani litozwe, jiji likusanye fedha hizo pamoja na kodi ya majengo, kisha lizirudishe kwa jumuiya yenyewe iamue taa, maua na mabenchi. Leo jijini kuna jumuiya zaidi ya 80.

Hicho ndicho kipande ninachokipenda. Fedha zinakusanywa na serikali lakini zinatumiwa na watu wa mtaa, na mtaa unapata sura ya watu wake. Ukipita Danforth, kwa Wagiriki, unakuta majina ya barabara yameandikwa Kigiriki pamoja na Kiingereza. Hakuna aliyewaambia Wagiriki kwamba hiyo si lugha ya serikali.

Sasa panda basi uende Eglinton West, mahali panapoitwa Little Jamaica. Pana vinyozi, saluni, maduka ya muziki, na kichochoro kilichopewa jina la Reggae Lane mwaka 2015, chenye mchoro mkubwa wa ukutani. Mwaka 2011 ujenzi wa reli ulianza kwenye barabara hiyo, na kwa zaidi ya miaka kumi watu wakaishi na uzio, vumbi na njia za miguu zilizobanwa. Tarehe ya kufungua ikasogezwa, ikasogezwa tena. Maduka mengi yalifungwa katika kipindi hicho. Mchoro ni mzuri kwelikweli, sina neno nao. Lakini mwenye saluni anayetafuta kodi ya mwezi huu atauonea raha gani?

Na hapa ndipo penye kasoro ambayo wageni hatuelezwi. Ontario haina ukomo wa kodi ya pango kwa maduka. Nyumba ya kuishi ina kinga za aina yake, duka halina. Mkataba ukiisha, mwenye jengo anataja bei anayotaka. Namjua jamaa mmoja wa kwetu aliyekuwa na duka la nguo. Aliomba ruzuku kama mpangaji, mwenye jengo akatia saini ya kukubali, jamaa akaweka fremu mpya za alumini na kioo kirefu kinachofika karibu na sakafu, akanionyesha jinsi mlango ulivyofunga bila kupiga kelele. Nusu ya gharama jiji likarudisha, nusu ikabaki mfukoni mwake. Mkataba ulipofika mwisho, mwenye jengo akapandisha kodi kwa hoja kwamba duka sasa lina hadhi. Jamaa akahama na nguo zake, madirisha yakabaki. Mwenye jengo hakutoa hata senti, akapata ukuta mpya na mpangaji wa bei ya juu zaidi.

Kwetu tulipewa amri badala ya ruzuku. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na nakshi za buluu, kwa gharama ya wenyewe. Mji ulipendeza kwa macho, nisiwe mnafiki. Lakini kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, na ukuta wa namna hiyo unahitaji kupumua. Ukiupaka rangi ya plastiki, unyevu unanaswa ndani, na baada ya mvua kadhaa rangi inafura malengelenge na kumenyuka vipande vipande. Fundi yeyote wa chokaa angewaambia hivyo kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa, kama angeulizwa. Na Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, si mahali pa kukisia.

Ila kuna kitu tunacho ambacho Toronto hawana, na sisi wenyewe hatukihesabu. Tangu 1965 Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301. Ukipanga duka kwa maneno tu, au kwa mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, mwenye jengo hawezi kuamka asubuhi akapandisha kodi. Lazima akupe ilani rasmi ya angalau miezi miwili, na ukipinga, shauri linakwenda kwenye baraza maalumu la kodi za biashara. Najua mtaniambia kesi zinachelewa, na kwamba wajanja wanazunguka sheria kwa gudwili, ile pesa ya mkupuo anayotozwa mpangaji ili apewe duka. Kweli. Hata hivyo yule jamaa wa madirisha angekuwa Mombasa, angekuwa na mahali pa kusimama na kujitetea.

Kwa hivyo nikifikiria Biashara Street, mtaa wa leso, naona nafasi nzuri ya kufanya jambo kwa akili. Mjomba wangu ameuza leso huko maisha yake yote, na nikiwa mdogo nilikuwa natumwa kuzitundika mlangoni. Mnunuzi wa leso hatazami kioo. Anasimama barazani, anashika upindo, anainamisha kichwa asome jina, anacheka au anaguna, ndipo aulize bei. Anaweza kusoma kumi kabla ya kuchukua moja, na mara nyingi hayuko peke yake. Duka la namna hii halihitaji dirisha la Toronto. Linahitaji kivuli, baraza lisilobomoka, mtaro usiofurika mvua ikinyesha, taa ya jioni, na nafasi ya watu watatu kusimama bila kusukumwa na mkokoteni.

Wenye maduka hulipa leseni ya biashara kwa kaunti kila mwaka. Ningetaka sehemu ya leseni hizo ibaki mtaani, chini ya kamati ya wenye maduka wenyewe, wapangaji wakiwa na kura sawa na wenye majengo. Ianze na mtaro na taa, kwa sababu hivyo si mali ya mtu. Kwenye kuta, kaunti itangulize malipo kwa fundi badala ya kumrudishia mpangaji baadaye, na itoe orodha ya mafundi wa chokaa. Na kabla ya senti moja kutoka, mwenye jengo atie saini kwamba kodi haitaguswa kwa miaka mitano. Asiyetaka kusaini hatalazimishwa. Ajipakie rangi yake mwenyewe, kwa pesa zake.