Anayedai kuna hatari, aionyeshe

Serikali ikitaka kumziba mtu mdomo haikosi kisingizio, na kinachouzika haraka kuliko vyote ni usalama wa taifa. Nani atathubutu kubisha, aonekane anatetea magaidi?

Hatari ipo, sikatai. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio RTLM ya Rwanda ilikuwa ikitaja hewani majina ya watu wa kuwindwa na mahali walipojificha. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili kati yao waanzilishi wa redio hiyo. Yale hayakuwa maoni. Mtangazaji wa aina hiyo alistahili kuzimwa siku ya kwanza.

Lakini pale hatari ilikuwa na jina na mahali. Sasa tazama kesi ya mwaka 1971. Gazeti la New York Times lilianza kuchapisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam, zilizovujishwa na Daniel Ellsberg, mchambuzi wa masuala ya kijeshi aliyezifanyia kazi. Serikali ya Rais Nixon ikakimbilia mahakamani, ikilia kwamba taifa litadhurika vibaya. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulizuia gazeti, majaji 6 kwa 3. Wakili aliyesimama kuitetea serikali alikuwa Erwin Griswold. Mwaka 1989 Griswold huyohuyo aliandika gazetini kwamba hajaona hata dalili ya madhara yaliyoletwa na uchapishaji ule, na kwamba mara nyingi wenye kugonga mihuri ya siri wanachoogopa ni serikali kuaibika. Miaka 18 baadaye! Majaji wangemsadiki kwa kauli tu, wananchi wangebaki gizani bure.

Kenya nako, baada ya mashambulizi ya al-Shabaab kule Mandera, kaskazini-mashariki, sheria ya usalama ilipitishwa Desemba 2014 huku wabunge wakishikana mashati. Moja ya vifungu vyake kiliharamisha kuchapisha habari zinazoweza kuzua taharuki. Taharuki ya nani, kwa kipimo gani? Habari yoyote ya shambulio inatisha. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikifuta pamoja na vingine saba.

Ninachodai ni kidogo. Anayetaka kufungia gazeti au kuzima intaneti aende kwanza kwa jaji na ushahidi mkononi, hata kikao kikiwa cha faragha, na amri itakayotolewa iwe na tarehe ya mwisho. Barua ya waziri haitoshi.