Choo kigumu baada ya kiharusi: sindano za Kichina zina nafasi gani?

Mgonjwa wa kiharusi akikaa siku nne, tano bila kupata choo, nyumba nzima inakosa raha. Dar es Salaam tunalijua hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 hapa jijini, dhidi ya 109 kule Hai, Kilimanjaro. Ndugu wakisikia kwamba akyupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina, inafungua tumbo, lazima waulizie.

Wanaoitetea wana hoja. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali 15 za China, kwa watu 1,075 wenye tatizo sugu la choo kigumu. Waliochomwa sindano zenye umeme mdogo, asilimia 31.3 walifikia wastani wa kupata choo kamili mara tatu au zaidi kwa wiki. Waliochomwa juujuu tu, bila umeme, ni asilimia 12.1. Tofauti hiyo si ya kubeza.

Ila wale hawakuwa wagonjwa wa kiharusi. Majaribio ya waliopooza yapo, mengi ya huko huko China, lakini mengi ni madogo na hayakupangwa kwa umakini. Tena, jaribio lile kubwa lilihitaji vipindi 28 ndani ya wiki nane. Kwa mzee wa Mbagala aliyepooza upande mmoja, huko ni kumbeba na kumpakia kwenye bajaji mara 28, kwenda na kurudi.

Kinachonisumbua zaidi ni yale yanayorukwa nyumbani. Mgonjwa anapunguziwa maji kwa hofu ya kupaliwa, au anayakataa mwenyewe asiwachoshe wanaompeleka chooni. Analala kutwa. Pengine anameza amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, au vidonge vya madini ya chuma, na vyote hufunga choo. Halafu siku moja pampasi inakutwa na majimaji, wanasema anaharisha, wanamsimamishia dawa ya kulainisha choo. Kumbe choo kigumu kimeziba, na majimaji yanavuja pembeni. Hapo sindano itafanya nini?

Kwa hiyo mimi ningeanza na daktari azipitie dawa zote na kupima umezaji, kisha maji ya kutosha kwa namna atakayoelekeza, papai, mboga, na kumkalisha chooni baada ya kifungua kinywa, miguu ikiegemea kigoda. Dawa za kulainisha choo kama laktulosi nazo zipewe muda. Hali ikigoma na uwezo upo, sindano zijaribiwe kama nyongeza, kwa mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, anayefungua sindano mpya mbele yenu. Mwambieni mapema kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli au wofarini, maana anaweza kuvuja damu kirahisi. Na tumbo likivimba, akatapika, hata ushuzi hautoki, siku hiyo hiyo apelekwe hospitali.