Soto Nilimzomea, Cortes Simzomei

Mwaka 2024 usajili uliniumiza mara mbili. Julai, Clatous Chama alitoka Simba ya Msimbazi kwenda Yanga ya Jangwani, na mimi ni Mnyama wa damu. Desemba, mchezaji wa besiboli Juan Soto akawaacha Yankees wangu wa hapa Bronx, New York, akaenda kwa watani wa mji huohuo, Mets, kwa dola milioni 765 za miaka 15.

Ya Soto niliyajua hadi miaka ya mkataba. Ya Chama ni "dau nono" mpaka leo, na kila kijiwe Kariakoo kina namba yake. Hapo Wamarekani wametuzidi, tukubali. Yankees walipomkosa Soto, shabiki alifuatilia mwenyewe pesa imekwenda wapi: Max Fried, mrushaji wa mkono wa kushoto (ndiye anayemrushia mpigaji mpira), milioni 218 kwa miaka 8, na Paul Goldschmidt, mpigaji, milioni 12.5 kwa mwaka mmoja. Unabishana na uongozi ukiwa na hesabu mkononi. Kwetu msemaji akitamka tu kwamba mashine imeshuka, tunajaa uwanja wa ndege kuipokea.

Ila hebu mwangalie mchezaji mwenyewe. Nestor Cortes alikuwa mrushaji kipenzi cha watu hapa. Oktoba 2024, mechi ya kwanza ya fainali, Freddie Freeman wa Dodgers aliupiga mpira wake ukamaliza mchezo, Yankees wakalala. Kabla Krismasi haijafika akawa ameshapelekwa timu ya Milwaukee pamoja na Caleb Durbin, wakabadilishwa na Devin Williams. Hakuna aliyelazimika kumuuliza Cortes kama anataka. Katika besiboli, mpaka utimize miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu uko mkononi mwa klabu, na haki ya kukataa kuhamishwa huja ukiwa na miaka 10, mitano ya mwisho timu moja, au ukiwa umeiandikisha kwenye mkataba. Soto huyohuyo alihamishwa Washington hadi San Diego, San Diego hadi New York, ndipo akapata kuchagua. Curt Flood aligoma kupelekwa Philadelphia mwaka 1969, akafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1972 akashindwa. Mwenzangu kazini, Mdominikana, haoni ajabu: ndiyo kazi yenyewe, ananiambia.

Kwetu Simba hawawezi kumpeleka mtu Azam bila yeye kusaini. Sisemi tuko peponi. Fei Toto alipotaka kuondoka Yanga, TFF, shirikisho la soka, ikasema bado ni mali ya Yanga, sakata likaburuzwa hadi Juni 2023, Rais Samia akatia neno Ikulu, ndipo akaenda Azam. Kwetu anayetaka kuondoka hufungiwa mlango. Huku anayetaka kubaki hufungashiwa virago. Mkinibana nichague, nitachukua kwetu, na leja ya Yankees juu yake.

Machi 2025 Cortes alirudi Bronx na jezi ya Milwaukee. Mipira yake mitatu ya kwanza yote ilipigwa na wapigaji wa Yankees ikavuka uzio: Goldschmidt, Bellinger, Judge. Wawili wa mwanzo ni wageni wa usajili uleule uliomwondoa yeye! Mei akaja Soto, uwanja mzima ukamzomea, nami nikiwemo, naye akavua kofia kutusalimu. Yeye aliondoka kwa hiari yake, kama Chama, kwa hiyo zomea ile ni halali yake.